Peugeot 404, 504, Land Rover na Volkswagen: ipi ya kuitoa chini ya mwembe?

Binamu yangu alinipigia simu anasema ana hela kidogo na hamu ya siku nyingi, anataka kufufua gari ya zamani, alafu akanitajia magofu manne ambayo wenyewe wako tayari kuuza. Peugeot 404 ya marehemu baba mkubwa kule Muheza, Peugeot 504 stesheni wageni imelala Dodoma, Land Rover ya shamba iko Karatu, na Volkswagen ya mgongo wa kobe (Beetle) ya mwalimu mstaafu Moshi. Nichukue ipi kaka? Mimi nikajibu hapohapo bila hata kufikiri, chukua 404. Nilikosea, na ndo mana naandika hii, najua kuna wengine wana binamu kama huyu au wao wenyewe ndo huyo binamu.

Ile 404 tulikulia ndani yake. Sisemi kusafiri, kusafiri nayo nakumbuka mara moja tu tena nilitapika, nasema tulikulia ndani yake ikiwa imesimama. Baba mkubwa aliipandisha juu ya mawe miaka ya 1980, kipindi kile fedha za kigeni hakuna, spea hakuna, petroli ni foleni, na kulikuwa na ile amri Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi isionekane barabarani, kwaiyo hata waliokuwa na gari nzima walikuwa wanaziangalia tu. Akasema naiweka kidogo nasubiri difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Tairi zikaenda kwenye mkokoteni wa jirani, betri ikaenda kwenye redio, na sisi watoto tukapata basi letu, mmoja dereva, mmoja konda, na abiria ni kuku wa bibi ambao kweli walikuwa wanatagia siti ya nyuma. Ugomvi wote ulikuwa nani akae kwenye usukani mana gia ya 404 iko kwenye stelingi, unaivuta kama mtu anayepepeta, mtoto gani asingeipenda.

Sasa tuache mapenzi kidogo.

Cha kwanza ujue unachokiangalia, mana vijijini kila gari ya zamani yenye pua ni Pijo na kila yenye boksi nyuma ni Landrova, na muuzaji mwenyewe mara nyingi ni mjukuu aliyezaliwa gari imeshalala. 404 utaijua kwa nyuma, ina mapezi mawili kama ya samaki yamesimama kwenye kona za buti, ni mchoro wa Pininfarina wa Italia na ilitoka 1960. Ukifungua boneti utaona injini imelazwa upande kama mtu amelala ubavu, usishtuke haijavunjika mauntini, ndo ilivyotengenezwa ili boneti iwe chini. 504 ilikuja 1968, haina mapezi, buti lake kwa nyuma limekunjwa kama limekaliwa na mtu mnene, na taa za mbele sio duara, zina kona, kama macho ya mtu anayekutazama kwa dharau. Hiyo ya buti ni kwa saluni tu, stesheni wageni utaijua kwa urefu wake na zile zenye siti mstari wa tatu ndo walikuwa wanaita familia. Wakenya wanaijua hii kuliko mtu yeyote, kule ndo ilikuwa inabeba abiria masafa marefu kabla Nissan hazijaja na ziliunganishwa hapohapo Mombasa miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kutengeneza saluni yake 1983.

Land Rover ndo watu wanachanganya zaidi. Angalia taa za mbele. Zikiwa zimebanana katikati karibu na grili hiyo ni ya zamani, Series II au IIA za mwanzo, zikiwa zimehamia kwenye madigadi ni IIA za mwisho kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 au Series III ambayo ilianza 1971. Kutofautisha hizo mbili ingia ndani, Series III mita zake ziko mbele ya dereva, za kabla yake mita ziko katikati ya dashibodi kila abiria anasoma spidi (nadhani ilikuwa nzuri kwa nidhamu). Grili ya Series III ni ya plastiki lakini usiitegemee, nyingi zimeshavunjika na mtu akabandika wavu wa chuma wa dirishani. Alafu kama kile kirungu chekundu na kile cha njano bado viko sakafuni pembeni ya gia shika moyo, mana vikiwepo maana yake hakuna aliyeichokonoa sana. Cha njano ni cha kuingiza fowili, chekundu ni cha gia nzito.

Volkswagen hata mtoto anaijua, ila umri wake unausoma kwenye kioo cha nyuma. Kikiwa kimegawanyika vipande viwili ni kabla ya 1953, hiyo ukiipata usiniambie mimi, kaa kimya ununue. Kikiwa kama yai ni mpaka 1957, baada ya hapo ni cha mstatili. Na taa za mbele zilizolala kufuata madigadi ni za kabla ya modeli ya 1968, baada ya hapo zikasimama wima. Sio umbea wa wapenda magari huo, za kabla ya hapo nyingi zilikuwa umeme wa volti 6, sasa wewe nenda dukani leo kaombe balbu ya volti 6 uone utakavyoangaliwa.

Kama haina nembo, haina taa, haina kitu, tafuta namba. Volkswagen imegongwa kwenye ule mgongo wa katikati, nyanyua siti ya nyuma utaiona. Peugeot kuna kibamba ndani ya boneti. Nenda na brashi ya waya na tambara lenye mafuta ya taa, namba nyingi ziko chini ya matope tu.

Namba za usajili pia zinasema. Kibao cha TZ na herufi moja na tarakimu nne maana yake ilikuwa bado hai miaka ya 1990, kikiwa cha SU ilikuwa ya shirika la umma, na gari ya SU jiandae, ina madereva kumi na hakuna hata mmoja aliyewahi kuipenda. Ile 504 ya Dodoma ilikuwa SU. Nilipoliona hilo nikasema hii tusiende hata kuiangalia. Kosa la pili.

Mana tulipoanza kuzunguka, na tulizunguka zote nne na fundi mmoja mzee tuliyemlipia nauli na chakula, nikagundua kitu ambacho yeye alikuwa anakijua toka mwanzo ila alituacha tu tuone. Pale Tanga kabla ya kuondoka alituuliza hizi gari zimelala wapi, hakuuliza ni gari gani. Muheza mvua misimu miwili, jasho la bahari haliko mbali, chini ya mwembe majani yanaoza kwenye boneti kila mwaka. Dodoma kunanyesha miezi michache alafu kavu. Mzee akasema basi nauli ya Muheza ni ya kwenda kuzika.

Na ndo ilivyokuwa. 404 kwa mbali nzuri kabisa, rangi nyeupe imegeuka maziwa mgando lakini umbo lote lipo, mapezi yapo, mimi machozi karibu. Mzee akachuchumaa akaingiza bisibisi kwenye kizingiti cha mlango, ikaingia mpaka mpini. Akafungua buti, tukaona nyasi. Nyasi zimeota kutoka chini ya gari zimepita sakafu ya buti. Hapa lazima uelewe tofauti moja kubwa, Peugeot zote mbili hapa hazina chesesi ya kujitegemea, bodi ndo chesesi, kwaiyo vizingiti na sakafu vikiliwa gari yote inajikunja, unaweza kuinyanyua jeki ikazama na milango ikagoma kufunga. Sio kwamba haiwezekani kuchomelea, inawezekana, ila hapo haufufui gari unatengeneza nyingine yenye sura ya ile.

504 ina ugonjwa huohuo na mahali pa kuangalia ni palepale, ongeza na kichwa cha shokapu za mbele kwenye boneti, pale springi inapoishia juu. Pakiwa pameliwa achana nayo. Ile ya Dodoma tulikuta pana vumbi tu. Vumbi jekundu kila mahali, siti zimepasuka kwa jua kama midomo ya mtu wa jangwani, dashibodi imefanya nyufa, raba zote za milango zimekuwa makaa, na chuma kizima! Mzee alizunguka na bisibisi yake anagongagonga inalia ng'i ng'i ng'i, hakusema kitu ila alianza kupiga mluzi.

Land Rover ni kinyume. Watu wanadanganyika na bodi kwa sababu ni ya alumini, haishiki kutu ya chuma, utaikuta imebonyea kila mahali lakini inang'aa, ukasema hii nzima. Lala chini. Chesesi yake ni chuma na inaoza kuanzia ndani kwenda nje, hasa ule mtambaa wa nyuma kabisa panapofungwa tela na vile vijikono vinavyoshika bodi pembeni. Alafu ukuta kati ya injini na miguu ya dereva, huo nao ni chuma, na mtu akisema sakafu ina tobo dogo la hewa ujue ni ukuta unakwisha. Ya Karatu chesesi ilikuwa nzuri kiasi, mtambaa wa nyuma umeliwa, na uzuri wake ni kwamba hicho kipande unakikata unachomelea kingine, na bodi yote ni bolti na nati, fundi wa kuchomelea mageti anaweza. Hakuna gari nyingine hapa yenye huruma hiyo.

Ya Moshi, Volkswagen, mwalimu alikuwa ameifunika turubai. Usifunike gari na turubai jamani. Unyevu unapanda kutoka ardhini unabaki humohumo. Betri ya Volkswagen inakaa chini ya siti ya nyuma, maji yake yanadondoka yanakula sakafu, kwaiyo hapo ndo pa kuangalia kwanza, na hapo kulikuwa na tobo la kupitisha sufuria. Ila sakafu yake ni kipande kinachofungwa na bolti kwenye bodi, unaweza kuitenganisha ukaitengeneza peke yake, ndo mana sikuitupa kabisa kwenye hesabu.

Injini watu ndo wanaanzia huko, mimi nasema iwe ya mwisho. Gari iliyolala miaka thelathini injini imejamu, usitegemee muujiza, swali ni kujamu kwake kunagharimu nini. Peugeot 404 na 504 silinda zake ni silivu, unazing'oa unaingiza nyingine na pistoni zake bila kwenda kuchonga bloku, huo ni utajiri. Tatizo ni silinda hedi yake ni alumini na kama mwenyewe alikuwa anajaza maji ya kisima kwenye rejeta basi mitaro ya maji imeliwa. Land Rover ya petroli ile ya 2.25 ni chuma tupu juu na chini, nzito, inakunywa mafuta kama harusi, ila inavumilia kila upumbavu, ikijamu kabisa unapeleka kuchonga. Volkswagen haina maji kabisa, inapozwa na upepo, hakuna rejeta hakuna mipira, na silinda zake nazo zinatoka mojamoja, injini yote unaishusha chini kwa bolti chache watu wawili wanaibeba. Kwa mtu anayetaka kujifunza mwenyewe nyuma ya nyumba hakuna inayofundisha kama hiyo. Fundi wetu alisema kitu kimoja tu kuhusu injini zote nne, mimina dizeli kidogo kwenye matobo ya plagi uache wiki, usimwache kijana mwenye nguvu aishike spana kabla ya hapo.

Spea sasa. Hapa 404 inaanguka vibaya, difu yake ya kizamani ya aina ya skrubu ndo ileile baba mkubwa aliisubiri na mimi leo sijui ningempata wapi fundi aliyewahi kuifungua mjini kwetu, mzee mwenyewe alikuna kichwa. Vioo vyake, taa za nyuma zile nyembamba kwenye mapezi, ni kuomba Mungu au kukuta gofu jingine. 504 ni rahisi zaidi kwa sababu ziliendelea kuunganishwa Afrika muda mrefu na Kenya bado kuna watu wanazo barabarani, ukimjua mtu Mombasa au Nairobi unapona. Land Rover hiyo usiulize, nenda Arusha, mwaka 2024 pale walifanya tamasha la Land Rover mji mzima ukafungana, mafundi wake wako mtaani na watoto wao wamerithi kazi. Volkswagen spea zinatengenezwa mpya mpaka leo duniani, Mexico waliacha kuitengeneza 2003 tu, shida ni kuagiza na kusubiri.

Kuna wazee watakwambia chagua kwa historia ya Safari Rally. Haya, kwa hilo 404 haina mpinzani kati ya hizi, ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na hizo mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapahapa Dar, mwaka 1963 zilimaliza gari 7 tu mashindano yote. 504 ilishinda 1975 na Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas ingawa hiyo ya 1978 ilikuwa kupe ya V6 sio ile iliyobeba mbuzi wenu. Volkswagen ilishinda 1954, 1957 na 1962. Land Rover haijawahi kushinda na haijali. Baba mkubwa alinunua 404 kwa sababu hiyohiyo ya ralli, alitusimulia mpaka tukaichoka. Ila kizingiti kilichooza hakijui nani alishinda 1967.

Karatasi, nipite haraka ila usiruke. Kadi ikiwa na jina la marehemu huwezi kununua kwa mjukuu aliyekukaribisha soda, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na hata hii ya baba yetu mkubwa mwenyewe ilikuwa na ndugu watatu hawaongei. Gari ya SU uulize iliuzwaje, kama kulikuwa na mnada iwepo risiti. Ya Dodoma kwa bahati mwenyewe alikuwa nayo kwenye bahasha pamoja na kadi, imekunjwa mara nne. Na zile zilizojaa uwani kwenye vituo vya polisi usizitamani, zile nyingi ni vielelezo, mwenyewe anaweza kuwa bado mahakamani.

Kuna atakayeuliza mbona sijaweka Datsun 1200 pikapu. Kwa sababu bati lake jembamba na nyingi nilizoziona zimeshaliwa mpaka kwenye nguzo za milango, injini yake tamu sana hiyo siwezi kubisha, ila hapa hakukuwa na ya kuuzwa basi.

Kwaiyo kama ingekuwa mimi nakupangia. Una shamba, barabara mbaya na hela inakuja kidogokidogo, chukua Land Rover ya Karatu, unaweza kuitengeneza vipande vipande miaka mitatu na kila kipande ukikimaliza kimekwisha. Una muda, una nafasi nyuma ya nyumba, unataka mikono yako ichafuke na huna haraka ya kuiendesha, Volkswagen, ila bei ya mwalimu ishuke kwa sababu ya sakafu. Unataka gari ya kuingia na familia ukaenda harusini Korogwe ukarudi siku hiyohiyo, ni 504 ya Dodoma, na hiyo ndo binamu aliichukua. 404 ningeipendekeza kwa mtu mmoja tu, anayeikuta sehemu kavu, imekamilika vioo na taa, na ana ya pili ya kuchinja spea. Hizo hali tatu zikipungua moja, piga picha uondoke.

504 ilipandishwa kwenye Fuso mpaka Tanga. Silivu na pistoni zilitoka Kenya, hedi tulibahatika ikasafishwa tu, siti zilishonwa mtaani kwa kitambaa cha basi ambacho mimi nilikipinga mpaka mwisho na nilishindwa. Kazi ya kuchomelea ilikuwa ndogo mno, mzee alikula hela nyingi kwenye raba na mabomba ya breki kuliko kwenye bati, na hiyo ndo hesabu ya gari ya Dodoma, jua linakula kila kitu laini linaacha chuma. Ya Muheza ingekuwa kinyume. Inatembea. Indiketa ya kushoto inawaka ikipenda.

Mimi nilirudi Muheza baada ya miezi minne, nilitaka angalau zile taa mbili za nyuma na mkono wa gia niutundike ukutani. Nimefika nakuta mawe manne na alama nyeusi ya mafuta chini, vijana wa chuma chakavu walipita na mizani, ndugu watatu wasioongea wakakubaliana siku moja. Kuku wanafukua hapohapo ilipokuwa siti ya nyuma.